Marijani za Bibi wa Liwali

Mliniomba niandike machache kabla sijarudisha funguo za kabati la vito. Funguo nimesharudisha, na maandishi ndiyo haya, yamechelewa kama zilivyochelewa ripoti zangu nyingi. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilinijia kwa sababu waliokuwa mbele yangu walistaafu, na mshahara kila mtu anaujua wa mwenzake. Nitaandika juu ya kazi, hasa marijani, na nitaandika juu ya kosa langu la mkufu wa Ibra. Najua mnalizungumza mkichemsha chai, na nimesikia mnavyolizungumza. Nusu ya maneno yenu si kweli, na nusu iliyo kweli mmeipunguza makali kwa kunionea haya.

Nilianza karakanani Nizwa, kazi ya kukagua vito, nikiwa na miaka ishirini na sita. Nilizaliwa Unguja mjini, nikaletwa Oman nikiwa na miaka tisa, na Kiarabu changu kilikuwa bado kinanuka karafuu. Siku ya kwanza mlinzi wa mlangoni aliniuliza namtafuta nani. Nikamwambia naitafuta meza yangu. Meza zilikuwa mbili, taa moja, na sanduku la makopo matupu ya halwa yaliyojaa vito vilivyovunjika. Nyuma ya meza ya pili alikaa Mzee Khalfan.

Mzee Khalfan alikuwa sonara wa sokoni Nizwa, mtu mfupi, ndevu nyeupe, vidole vyeusi kwa fedha. Walimwajiri kwa sababu wataalamu waliosoma ng'ambo waliweza kukieleza kifungio cha mkufu kwa kurasa tatu, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kukifungua. Kiswahili alijua maneno mawili, aliyoyapata kwa ami yake aliyewahi kuishi Zanzibar: "haraka" na "polepole". Mimi alinitumia hilo la pili tu.

Wiki mbili za mwanzo sikugusa kito. Alinipa kopo la shanga za kioo na uzi wa hariri, nitunge, nifumue, nitunge tena, na baina ya punje na punje nifunge fundo. Siku moja nilichoka nikamuuliza fundo la nini, kwani shanga hazikimbii. Akachukua mkufu niliotunga bila mafundo, akaukata kwa mkasi juu ya sakafu ya saruji, akaniacha nikitambaa chini ya meza mpaka adhuhuri. Nilipomaliza kuokota akaniambia kwa utulivu kwamba penye fundo huanguka ushanga mmoja, pasipo na fundo huanguka ukoo mzima. Tangu siku ile nafunga mafundo hata kwenye mifuko ya mchele.

Marijani yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Wanaotoka nyumba za zamani mnajua tunavyosafisha fedha: ndimu, au ukwaju, na majivu kidogo. Ililetwa bangili ya fedha iliyofifia, yenye punje nne za marijani, nami nikitaka kumwonyesha Mzee Khalfan kwamba sikukaa bure kwa mama yangu, nikaichovya katika kikombe cha maji ya ndimu. Vipovu vikapanda. Nikafurahi, nikidhani uchafu unatoka. Mzee Khalfan alipoviona alitia vidole vyake kikombeni, akaitoa bangili, akaikimbiza kwenye maji ya mfereji. Punje zilikuwa zimepauka kama midomo ya mtu aliyefunga bila kula daku. Ndipo akanifundisha kwamba marijani ni kiumbe cha bahari kilichojijengea chokaa, na kila kikali hukila: ndimu, siki, jasho, hata manukato tunayojipulizia. Ile bangili ilirudi kwa mwenyewe na barua ya kuomba radhi, niliyoiandika mimi. Ilikuwa barua yangu ya kwanza ya kikazi.

Vifaa vyangu mnavijua. Lenzi ya sonara, ambayo mpaka leo nimeivaa shingoni kwa mazoea. Mizani midogo yenye uzi wa kuning'iniza punje ndani ya maji, kwa sababu marijani ni nzito, mfupa ni mwepesi, na plastiki karibu ielee. Na pamba. Pamba iliyoloweshwa asetoni ukiipitisha juu ya punje, ikitoka nyeupe, unashukuru. Ikitoka nyekundu, punje imetiwa rangi. Kipimo cha pamba kilikuwa ndio sifa yangu. Watu wa idara nyingine walikuja kunitazama nikipima, nami sikuwafukuza. Ukweli ni kwamba kipimo kilicho bora kuliko vyote ni cha lenzi. Marijani ya kweli, ile wazee wetu waliyoiita marijani ya fedhaluka, ina mistari myembamba inayokwenda sambamba kwa urefu wake, kama nyuzi za kitambaa kilichofumwa vizuri. Lakini kuitazama mistari kunataka subira na jicho, na pamba haihitaji chochote.

Kuhusu asili ya vito nitasema hili: kila marijani niliyoletewa katika nchi hii ilikuwa ya binti wa sultani. Nilikuwa nawasikiliza wenyewe kwa adabu, na moyoni nikiwahesabu mabinti. Masultani wangekuwa na mabinti wengi kiasi hicho wasingepata nafasi ya kutawala. Kito hakisemi kilikuwa cha nani. Wanaosema ni watu, na watu inabidi uwaulize, tena uwaulize wote. Kanuni hiyo niliwafundisha nyinyi kila mwaka, na mtaona niliifuata vipi.

Mkulima mmoja wa tende kutoka Jalan Bani Bu Ali aliniletea mkufu wa marehemu mama yake akiwa amekaribia kulia. Aliuacha ndani ya gari, chini ya kioo cha mbele, siku ya jua kali, na punje tatu zilikuwa zimelainika zikashikana.

"Marijani ya mama imeyeyuka," aliniambia.

"Marijani haiyeyuki, baba. Hii ni plastiki."

Akaugeuza mkufu mkononi. Kisha uso ukamfunguka. "Alhamdulillahi. Basi mharibifu si mimi. Baba ndiye aliyemdanganya." Akaondoka akicheka peke yake. Nilijifunza siku ile kwamba habari mbaya kwa mmoja ni faraja kwa mwingine. Wakati ule nilidhani maneno hayo yanachekesha tu.

Mzee Khalfan alifariki kabla sijafika nusu ya miaka yangu ya kazi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nikabaki peke yangu na pamba yangu, hakuna wa kuniambia polepole.

Sasa mkufu wa Ibra. Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya mwaka wangu wa mwisho. Alikuja msichana, Asila, mwalimu wa hesabu kutoka Sur, pamoja na bibi yake, Bi Nasra, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mrefu, amejitanda vizuri, udi unamtangulia mlangoni. Waliniwekea mezani kisanduku cha mbao. Ndani mlikuwa na mkufu wa punje hamsini na mbili za marijani, baina yao vigololi vya fedha, na kifungio cha fedha kilichochorwa jina la mwanamke kwa Kiarabu. Walikuja na picha pia, imefifia: mwanamke wa makamo amekaa kitini, kavaa mkufu ule ule. Alikuwa nyanya wa Bi Nasra, mke wa liwali aliyehukumu Pemba, watu wa asili ya Ibra, wenye nyumba kubwa kule na huku. Jina na picha vilikubaliana. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nilikuwa na kito cha watu wakubwa ambacho kweli kilikuwa cha watu wakubwa.

"Bi Raya, bibi anataka tu kujua," alisema Asila, na Kiswahili chake ni kile cha waliozaliwa huku. "Hii mkufu ni ya kweli ama si ya kweli. Mimi naolewa mwezi ujao. Bi Zuwena amenipa zawadi."

Bi Zuwena alikuwa dada mkubwa wa Bi Nasra, anakaa Ibra, hana mtoto. Bi Nasra aliusogeza mkufu kwa ncha ya kidole kama mtu anayesogeza sahani yenye nzi.

"Hizi sizo," akasema. "Mie nazijua marijani za bibi. Nilikuwa nikizichezea pajani mwake. Zilikuwa nyekundu zinacheka. Hizi zimefifia, zina giza."

"Vitu huzeeka, Bi Nasra."

"Sikiliza, mwanangu. Baba alinitoa Unguja mie n'na miaka kumi na mitano. Dada akabaki kule na mumewe, na mkufu ukabaki kwake. Kaja huku baada ya miaka saba. Miaka saba, mume hana kazi, nyumba imechukuliwa. Alikula nini?" Akanitazama. "Mie niliolewa Sur shingo tupu. Mke wa liwali ni bibi yangu, na miye naolewa shingo tupu. Nikasema yallah, vitakuja. Vimekuja, ndio hivi."

Nawaomba mlione hili vizuri, kwa sababu kosa lilitokea hapa wala halikutokea kwenye pamba. Nilipima nikiwa nimeshaambiwa jibu.

Uzi ulikuwa wa zamani, nikaona ni dhambi kuukata, kwa hiyo sikuzipima punje kwa mizani. Lenzi niliitia jichoni, nikaona punje zina utando mweusi wa mafuta, nikasema nitaitazama mistari baadaye. Nikachukua pamba, nikalowesha asetoni, nikaipitisha kwenye punje moja karibu na tundu. Ikatoka nyekundu, na pembeni njano. Nikapima ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote nyekundu. Na rangi ilikuwa nzito zaidi kwenye matundu, jambo ambalo kila kitabu kinasema ni alama ya kitu kilichotiwa rangi. Nikaandika kwa Kiarabu safi, kurasa mbili: punje si marijani asilia, ni mfupa au chokaa nyingine iliyotiwa rangi, kifungio ni cha asili, inaelekea punje zilibadilishwa. Maneno hayo ya mwisho hayakuwa kazi yangu. Hakuna pamba inayopima kubadilishwa. Niliyaandika kwa sababu niliyasikia, na nikapiga muhuri.

Bi Nasra aliipokea ripoti bila kulia. Aliikunja mara nne, akaitia mkobani, akasema, "Khalas. Nilijua."

Miezi kumi na mmoja ilipita nikafanya kazi nyingine, nikalala vizuri. Hilo la kulala vizuri ndilo linaloniuma zaidi hivi sasa.

Kisha akaolewa mtoto wa dada yangu hapa Nizwa. Mnajua mila zetu: bwana harusi ana mambo yake, na bi harusi siku kadhaa kabla husingwa. Singo yetu hutwangwa nyumbani, mawaridi makavu, karafuu, liwa, zafarani, na kwetu sisi unga wa mti wa sandali nyekundu, kisha huchanganywa na marashi, msichana asuguliwe mwili mzima mpaka ngozi ing'are. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, chumba kimejaa wanawake, kelele, nami nimepewa mgongo wa kusugua. Bi harusi alisahau kuvua pete yake ya lulu. Singo ikaingia kila pembe ya pete. Mazoea ni mabaya: nikainyang'anya, nikachukua pamba ya pale pale na dawa ya kutolea rangi ya kucha, ambayo ni asetoni ile ile tunayonunua karakanani kwa bei mbaya zaidi, nikaanza kuifuta pembeni, mbali na lulu.

Pamba ikatoka nyekundu, na pembeni njano.

Nilikaa nayo mkononi. Dada yangu akaniuliza kama nimejikata. Nikamwambia hapana. Nikapitisha pamba nyingine, ikatoka vile vile. Sandali nyekundu haitoki kwa maji lakini kwa asetoni hutoka kama damu, na zafarani huiacha njano yake pembezoni. Mimi niliyezaliwa Unguja, niliyesingwa mwenyewe kwa singo ya mama yangu, niliiona rangi ya singo kwenye marijani ya wanawake wa Unguja nikaiita rangi ya mghushi. Mtaalamu mgeni angesamehewa.

Siku ya pili yake nilimpigia simu Asila. Sikumwambia kitu, nilimuuliza tu mkufu uko wapi.

"Uko kwangu, kwa kabati. Bibi hataki kuona yeye."

"Na Bi Zuwena hajambo?"

"Bi Raya, yeye hataki kula na watu. Wanaweka sinia, yeye anachukua sahani anaenda chumbani. Anasema wezi wanakula peke yao. Bibi alimpigia simu siku ile ya ripoti, akamsomea yote, halafu basi. Hajaongea na yeye mpaka leo. Na Bi Zuwena amekonda sana, miguu inavimba. Daktari anasema moyo."

Nilimwambia aulete mara moja. Nilikuwa na hofu moja tu, na sikuwa na haya ya kumwomba Mungu kwa sauti: asife kabla sijajua.

Asila alikuja na mumewe kutoka Sur, akanisainia ruhusa ya kukata uzi. Nilikata, nikazitoa punje moja moja kwenye kitambaa cheupe. Nilichagua tatu tu. Nikaziosha kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, nikazisugua kwa brashi laini, nikazifuta kwa pamba ya asetoni mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mara ya sita pamba ilitoka nyeupe. Punje ilikuwa nyekundu pale pale, inacheka, kama Bi Nasra alivyosema. Nikaining'iniza ndani ya maji: uzito wa marijani. Nikatia lenzi jichoni na mistari ilikuwepo, myembamba, sambamba, kutoka tundu hadi tundu. Mistari ilikuwepo siku zote, chini ya utando nilioona uvivu kuuondoa. Kisha nikazitazama zile arubaini na tisa nyingine, kila moja nikiisafisha kidoa kimoja tu, ukubwa wa punje ya mtama, na mistari ikawepo katika kila moja.

Asila aliuliza, "Ni za kweli?" Nilimjibu kwa kulia, na yeye akalia kwa kuwa mimi nalia, mumewe akatoka nje kwenda kutazama gari.

Punje zile nyingine sikuziosha. Wako kati yenu wanaosema nilipaswa kuziosha zote. Hapana. Harufu ya wanawake wa nyumba moja kwa miaka mia na zaidi haiwi uchafu, na atakayeiosha nitamfuata hata nikiwa mstaafu.

Mkuu wetu wa wakati ule, mtu mwema, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Bi Raya, unastaafu baada ya miezi minne. Ripoti ya kwanza ina muhuri. Ya pili itakuwa na muhuri. Watu watauliza waamini upi."

"Waamini wa pili."

"Na ripoti zako nyingine zote? Andika nyongeza ndogo, mistari miwili, tuipeleke kwa posta."

Swali lake la ripoti nyingine lilikuwa la haki, na ndiyo sababu mliniona miezi ile minne nimejifungia na mafaili. Nilirudia kila kito nilichokihukumu kwa pamba peke yake. Katika vyote nilikuta nilikuwa sahihi. Sijui kama nilistahili, lakini nilishukuru. Kuhusu posta nilimwambia kwamba ripoti ya kwanza ilisomwa kwa simu, mtu akaacha kula. Ya pili nitaisoma mwenyewe, uso kwa uso.

Niliutunga mkufu upya kwa hariri, fundo baina ya punje na punje, siku mbili. Jumamosi nikaendesha gari, nikashika njia ya Bidbid, nikakata kuelekea Ibra. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema, na kufika Bidbid nilikuwa nimeshayasahau. Asila alikuwa amemchukua bibi yake kutoka Sur kwa hila: alimwambia wanakwenda soko la wanawake la Ibra. Soko lile ni la Jumatano. Bi Nasra anaijua Ibra kuliko mimi, na siku aliijua. Aliingia garini hata hivyo.

Bi Zuwena alikuwa amekaa juu ya godoro la chini, mgongo kwenye ukuta, mdogo kuliko nilivyomfikiria. Bi Nasra alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Hawakuangaliana. Kahawa ikaletwa, tende zikaletwa, hakuna aliyegusa.

"Shikamoo, Bi Zuwena," nikasema. "Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi."

"Marahaba. Umeleta nyingine?"

"Nimeleta nyingine."

"Soma. Kwa Kiswahili. Ile ya kwanza nilisomewa Kiarabu, sikuweza kugombana nayo."

Nikasoma, nikitafsiri mstari kwa mstari, na sauti yangu haikuwa ya mkaguzi hata kidogo. Kwamba punje zote hamsini na mbili ni marijani asilia. Kwamba rangi iliyotoka ni mabaki ya singo. Kwamba mkaguzi alikosea, na maneno yake juu ya kubadilishwa punje hayakuwa na ushahidi, wala hakuwa na haki ya kuyaandika.

"Hapo pa kukosea," Bi Zuwena akasema, "rudia."

Nikarudia.

"Tena. Nasra masikio yake skuizi mazito."

Nikarudia mara ya tatu.

"Sasa na miye n'kuulize. Singo ile ni nyingi, siyo? Si ya harusi moja."

"Ni nyingi mno, Bi Zuwena. Imejaa mpaka ndani ya matundu. Ndiyo iliyonidanganya."

"Kwetu bi harusi husingwa amevaa marijani, ili zinywe harufu. Alifanya bibi, alifanya mama, nimefanya mie. Lakini ile nyingi siyo ya harusi." Akavuta pumzi, kwani maneno marefu yalimchosha. "Siku ya kuondoka Unguja walikuwa wanapekua bandarini, dhahabu wanachukua, fedha wanachukua. N'kazizika katika mfuko wa singo. Singo ya mama, mara ya mwisho alotwanga. Kijana akatia mkono, akanusa vitu vya bi harusi, akaona haya, akanirudishia mfuko. Wallahi miaka saba tulikula mihogo, na nilikuwa na mkufu wa liwali chini ya kitanda, sikuuza hata punje. Niliutunza kwa ajili ya mtu." Akanitazama mimi, si ndugu yake. "Nawe hukuniuliza. Ibra si mbali hivo."

"Sikukuuliza," nikasema.

Bi Nasra alisimama. Nilidhani anatoka. Aliuweka mkoba juu ya kiti, akavua viatu, akaja akakaa juu ya godoro, kwa shida, magoti yakigoma. Akauchukua mkufu mapajani mwangu, akaunusa. Akakaa nao puani muda mrefu.

"Mama," akasema.

"Na bibi," akasema Bi Zuwena. "Na miye. Wote tumo humo ila wewe. Inamisha kichwa."

"Zuwena, mie n'na wajukuu."

"Inamisha kichwa, nimechoka kuinua mkono."

Akainamisha. Mtandio ukateremka, nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Bi Zuwena alizungusha mkufu shingoni kwake, lakini kifungio hakikuingia. Akajaribu mara mbili. "Mkaguzi," akaniita bila kugeuka, "funga wewe. Au nalo hilo hujui?"

Nikafunga. Bi Nasra aliutafuta mkono wa dada yake akaushika, na akawa anasema kitu kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yetu kusikia, nasi tukajishughulisha na kahawa. Niliponyanyua macho, Bi Zuwena alikuwa ameegemea bega la ndugu yake, amelala. Mwanamke anayemhudumia alininong'oneza kwamba hajamwona akilala mchana tangu ile karatasi, wala usiku halali ila vipande vipande. Bi Nasra akatutazama wote kwa jicho kali tusithubutu kufanya kelele. Asila alitaka kumletea mto, akamkataza kwa kidole. Mkono wa upande ule ulimfa ganzi, ilionekana usoni, na hakuusogeza. Nilichukua viatu vyangu mkononi nikatoka, na mpaka ilipoadhiniwa alasiri, Asila aliniambia baadaye, bibi yake alikuwa bado amekaa vile vile, marijani shingoni, anamlaza dada yake.